Kisu Kilichohamisha Jicho

Enzi zetu kule Nzega, mtoto alijua kwamba kisu cha michembe kina jicho moja kabla hajajua kufunga kamba ya kaptula yake. Jicho lenyewe ni ule upande ulionolewa. Upande wa pili, ule bapa, umelala usingizi, na ole wako uuamshe kwa jiwe! Usiku kisu kitashuka chenyewe kutoka kwenye nyasi za paa kilipochomekwa, kitatambaa kama nge mpaka kwenye mkeka wako, kikunuse vidole kimoja kimoja kumtafuta aliyekiamsha. Nani alituletea habari hiyo? Sikuwahi kuuliza. Niliiamini kuliko jedwali la kuzidisha, na jedwali lile niliingiziwa kwa fimbo.

Wa rika langu hawahitaji kuelezwa michembe ni nini. Lakini najua kuna vijana watakaosoma hapa wakidhani ni chipsi zilizosahauliwa juani. Sikilizeni basi, wajukuu. Viazi vitamu vikishachimbwa vinamenywa, vinakatwa vipande vyembamba, vinaanikwa juu ya jabali mpaka vikauke na kugongana kama vigae. Halafu vinajazwa kihengeni, ghala letu la chakula. Mvua ikigoma, debe la mahindi likiwa tupu, hivyo ndivyo vinavyotuvusha. Vichemshe, vitie karanga zilizotwangwa, salaale! Wazee walituambia kuwa wapagazi wa misafara walikwenda pwani na kurudi kwa nguvu za michembe, na mimi kwa sahani moja tu ya bibi ningebeba pembe la ndovu mpaka Bagamoyo nikiimba.

Msimu wa kukata ulikuwa sikukuu. Ua mzima ulijaa viazi, vingine vikubwa kama mtoto wa miezi sita, nasema kweli, unaweza kuvivisha kofia. Tulikaa duara, kila mtu na kigogo chake cha kukatia. Mkuu wa duara alikuwa Bibi Milembe, mama yake baba. Baba mwenyewe alikuwa kazini Kaliua, kwenye reli, tukimwona kwa nadra kama mwezi wa mfungo. Na mkuu wa visu alikuwa dada yangu Kabula, mkubwa wetu, mwenye ulimi mkali kuliko kisu chochote alichopata kunoa.

Mngemwona akinoa! Anachuchumaa mbele ya jiwe, analimwagia maji, anakilaza kisu kwa mteremko wake, vidole viwili vimekandamiza karibu na makali. Shwa, shwa, shwa. Sauti ile iliwafikia abiria wa treni ya Mpanda, na hakuna wa kunibishia. Tope jeusi la chuma linachuruzika. Anasugua upande ule ule mmoja mpaka ukingoni, upande wa nyuma, kunajikunja kiunyuzi cha chuma ambacho hukioni ila unakihisi kwa kidole gumba. Hapo ndipo anakigeuza, anakilaza bapa kabisa juu ya jiwe, hakiinui hata kwa unene wa unywele, anakipitisha taratibu mara moja tu, kiunyuzi kinang'oka. Sisi wadogo wakati huo tulifumba macho. Akizidisha kidogo tu, tulijua, kisu kitaamka.

Sasa tatizo lilikuwa mimi. Nilizaliwa mtu wa kushoto. Kijiko kushoto, jiwe la kurushia kunguru kushoto, hata ngumi. Lakini siku zile mkono wa kushoto ulikuwa na kazi yake moja chooni, basi. Shuleni ulichapwa, nyumbani ulipigwa kofi. Kwenye duara la viazi nilishika kisu kwa mkono wa kulia, ukawa unatetemeka kama umeazimwa kwa jirani. Nikiwahadaa wakubwa nikahamishia kushoto, ndiyo balaa zaidi: kisu kinaanza vizuri kisha kinatanga njia, kipande kinaanza kama karatasi kinamalizika kama gogo.

Dada Kabula alikuwa anakiinua watu wote wakione. "Masanja, hiki ni cha kula au cha kuzuilia mlango?"

Duara zima likaangua kicheko. Mimi pia nilicheka, ili nisilie.

Lakini kipande kinene hakina mzaha. Nje kinakauka, ndani kinabaki na maji, na kikiingia kihengeni kinaota kuvu na kuwaambukiza wenzake. Mwaka mmoja tulifungua kihenge katikati ya njaa, harufu ikatupokea mlangoni. Nusu nzima ilikuwa ya kijani. Bibi aliingiza mkono, akatoa konzi, akaitazama, akaitupa uani. Tulishinda majuma tukila uji mwepesi ambao ungeweza kujitazamia uso ndani yake. Na kila mtu alijua kabari zile zilikuwa za nani.

Msimu uliofuata akaja baba mdogo Shija kutoka Igunga. Baba mdogo alikuwa na ng'ombe wengi na wachungaji wachache. Alikaa kwenye kigoda, akanywa togwa, akafuta sharubu.

"Mama," akamwambia bibi, "mtoto asiyeweza kukata kiazi, shule itamsaidia nini? Nipe nikamfundishe kuchunga. Huko kisu hakihitajiki, fimbo tu."

"Tutakata kwanza," bibi alisema. "Kesho tutaona vipande vyake. Vikiwa kama vya mwaka jana, mchukue."

Moyo ulinidondoka mpaka kwenye kaptula. Igunga! Kuacha shule, kuacha wenzangu, kuacha hata fimbo za jedwali! Usiku ule nilijizoeza mkono wa kulia kwa kukata hewa mpaka usingizi ukanishinda.

Asubuhi nikaketi mbele ya kigogo changu. Kisu kilikuwa kimewekwa tayari pale juu. Nikakishika, nikakigeuza kukikagua kama nilivyomwona dada akifanya. Jamani! Mteremko haukuwa mahali pake. Upande wa kulia, ambao maisha yote ulikuwa na makali, ulikuwa bapa, umelala. Upande wa kushoto ndio uliokuwa ukimeremeta. Kisu kilikuwa kimefumba jicho lake na kufumbua lile jingine!

Nilipiga yowe ambalo kuku wa jirani hawajalisahau. "Kimeamka! Kisu kimeamka!"

"Kaa chini," alisema mama yangu huku akimenya. "Mchana huu kiamke kiende wapi?"

"Anatafuta sababu huyo," baba mdogo akacheka. "Masanja, ng'ombe wanakusubiri!"

Nikakaa. Jasho lilinitoka mpaka kwenye kope. Nikajaribu kwa mkono wa kulia, kisu kikakwepa, kikazama ndani ya kiazi kama kimechukia. Dada Kabula safari hiyo hakucheka, akawa anajimenyea viazi vyake tu, kichwa chini. Nikaona Igunga inakuja. Kwa kukata tamaa kabisa, mbele ya wakubwa wote, nikakihamishia mkono wa kushoto.

Kipande kikadondoka. Kikadondoka cha pili. Vilikuwa vinajilaza vyenyewe pembeni, vyembamba, sawasawa, kimoja baada ya kingine, kama kisu kinasoma wapi nataka kwenda. Mkono wangu ulikuwa unakimbia nami nikiwa nyuma yake. Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka siku ya kwanza kuona treni.

"Hee!" baba mdogo akasimama. "Mkono wa chooni! Kwenye chakula cha watu!"

Bibi Milembe aliinuka taratibu, akaja mpaka kwenye kigogo changu, akaokota kipande, akakinyanyua kuelekea jua. Mwanga ulipita ndani yake kama kwenye jani changa.

"Shija," akasema, "mwaka jana ulikula kuvu?"

"Sikuwepo, mama."

"Sisi tulikuwepo. Njaa haiulizi mkono. Mwanawane, nawa vizuri, uendelee."

Baba mdogo alirudi Igunga peke yake. Mimi nikabaki na shule yangu mpaka darasa la saba. Sekondari nikaja kuimalizia kwa masomo ya jioni pale Tabora mjini, ndevu zimeshaota, na hata huko, somo la fizikia lilipofika kwenye kabari, nilinyoosha mkono, wa kushoto, nikalieleza darasa zima habari za kisu kinachohamisha jicho. Mwalimu alinitazama sana, akasema, "Kaa, mzee."

Juzijuzi nilikwenda Nzega kumsalimu dada Kabula. Ni bibi sasa, meno machache, ulimi ule ule. Nilikuta mjukuu wake wa chuo anakata kiazi kwa kisu cha dukani chenye meno kama mamba, simu imeegemezwa kwenye sufuria inamfundisha. Anakata kimoja, anapiga picha, anapumzika. Moyo uliniuma. Zamani ua huu ulikuwa na duara la watu, jabali lilikuwa jeupe kwa michembe, kicheko kinasikika mpaka kisimani. Leo michembe inanunuliwa kwenye mfuko wa plastiki, hujui kama aliyeikata alicheka au alinuna, na jiwe la kunolea limekuwa la kuzuia geti lisipigwe na upepo.

Nikaona nimfundishe kijana. Nikamsimulia yote: jicho lililolala, kisu kinachonusa vidole, na asubuhi ile kilipoamka chenyewe kuniokoa na ng'ombe wa Igunga. Kijana aliacha simu. Macho yalimtoka.

"Acha kumdanganya mtoto," dada Kabula akasema, huku akimenya. "Habari za jicho nilizitunga mimi, maana mlikuwa mnaniharibia visu. Na kile nilikinoa mimi, mchana wa siku ile aliyokuja baba mdogo, ulipokwenda kisimani. Kisu cha upande mmoja kinanolewa upande wa nje wa mkono unaokishika, ili kipande kidondoke. Wewe ulikuwa wa kushoto. Nikanoa kushoto."