Nimepanda Juu ya Bati, Sishuki

Msomaji wetu wa Nachingwea ameomba jina lake tulifiche. Haya ni maneno yake mwenyewe.

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na mbili, Mmwera, nina binti mdogo. Naishi mtaa wa mtoni, huu uliozaliwa na kazi ya mashamba ya karanga ya Wazungu. Zamani hapa palikuwa matete na nguruwe pori tu! Wakaja watu wa kila kabila kuendesha katapila, wakakosa pa kulala, wakajijengea. Kuandika nimejifunza mwenyewe, nikikosea mnisamehe, nina hasira na mkono unakimbia.

Nyumba tulijenga wawili, mimi na mume wangu. Udongo nilichota mimi mtoni, nikaukanyaga kwa miguu nikiwa na mimba. Yeye alileta mapipa ya mafuta yaliyotupwa kambini, tukayapasua, tukayagonga mpaka yakalala, tukaezeka. Mvua ikinyesha humo ndani hamsikilizani, lakini paa halivuji hata tone.

Sasa kazi ya karanga imekwisha. Mume wangu anarudi kwao Nkowe, kwa mke mwingine ambaye sikuwahi kuambiwa. Aende! Kwetu mwanamume akioa anahamia kwa mke, na wakiachana anachukua shoka lake na mkeka wake, nyumba inabaki. Lakini juzi kaja na mjomba wake, na ngazi.

"Desturi hiyo ni ya kijijini kwenu," mjomba wake akasema. "Hapa mtoni si kwenu, si kwetu. Udongo wako, baki nao. Bati la mpwa wangu."

Nikapanda ngazi mbele yao, nikaivuta juu, nikakaa. Bati linaunguza hilo! Mtaa mzima ukajaa. Jirani yangu Mama Anjela, Mmakonde, akapiga kelele, "Shuka mwenzangu, utaiva kama muhogo!"

"Niive! Atanila nani?"

"Shuka, unaniaibisha," mume wangu akasema.

"Aibu ni yako, unayeng'oa paa juu ya kichwa cha mwanao."

Watu wakamzomea, yeye na mjomba wake wakaondoka, ila wameapa kurudi.

Nikamwita mjomba wangu wa Marambo, ndiye mkubwa wa ukoo wetu. Akaja kwa baiskeli, akawaita kina mume wangu, akawaambia, "Nyumba ya mpwa wangu haiguswi na mtu." Nikapiga vigelegele! Kumbe nimeshangilia mapema. Alipokwisha kula, akatazama juu, akasema, "Mwanangu, mwanamke peke yako hukai mtoni na watu usiowajua. Bati hili tutalishusha, tuliezeke kwangu. Utapata chumba."

"Mjomba, hapana."

Hajawahi kuambiwa hapana na mwanamke. Akasimama. "Basi binti yako akivunja ungo, usinitafute. Unyago wake hatuutambui. Posa yake sipokei. Tuone nani atamcheza."

Hapo ndipo aliponipata, jamani. Mtoto asiyechezwa na ukoo wake kwetu ni kama hana kwao. Nililia mpaka Mama Anjela akaja. Akaniambia, "Ngoma mtoni hazipo? Wamakonde tupo, Wayao wapo, Wamakua wapo. Tutamcheza sisi."

Nishaurini basi, hasa kina mama. Mwali aliyechezwa na majirani, bila mjomba, mtamkubali awe mkwe wenu? Nijibuni hilo tu. La kuhama msinishauri, kwa sababu msimu huu naongeza chumba cha pili, na udongo nimeshaanza kuukanyaga.