Wiki mbili za kulituliza tumbo la paka wa karakana

Saa moja kasorobo asubuhi, kabla mashine ya kukatia karatasi haijawashwa, Mama Gundi amechutama nyuma ya mlango wa karakana ya kujalidi vitabu. Amevaa miwani. Mbele yake kuna beseni la mchanga, naye anauchunguza mchanga huo kama mtu aliyedondosha pete.

Anainuka taratibu, mkono kiunoni, na kuwageukia wenzake.

"Kigumu!" anatangaza. "Jamani, leo siku ya tano, na bado ni kigumu!"

Wafanyakazi wenzake wanne wanapiga makofi. Wanachoshangilia ni choo cha paka.

Paka mwenyewe, dume la kijivu la miaka tisa, yuko juu ya rundo la karatasi anajilamba. Anaitwa Mkaguzi, kwa sababu kila asubuhi hupita rafu hadi rafu, hutazama kazi za watu, kisha huondoka bila kusaidia chochote. Leo ni siku ya kumi na nne, na ndiyo siku aliyowekewa ya kuamuliwa kama atabaki hapa au ataondoka.

Mama Gundi ana miaka hamsini na tisa, na thelathini na moja kati ya hiyo ameimaliza katika chumba hiki. Hushona kurasa kwa uzi, kisha hupaka migongo ya vitabu gundi anayoipika mwenyewe kwa unga wa ngano.

"Panya wanaipenda gundi hii kuliko sisi tunavyopenda chai," anasema. "Kabla ya Mkaguzi, unaacha kitabu kizima jioni, asubuhi unakikuta hakina mgongo."

Miezi mitatu iliyopita Mkaguzi alianza kutapika, kisha kuharisha. Akakonda mpaka mbavu zikahesabika. Ndipo siku moja akatapika juu ya kitabu cha kumbukumbu za ndoa, kilicholetwa na nyumba ya ibada kutengenezwa jalada. Kurasa tatu ziliharibika.

Mwenye karakana hakufoka.

"Aliniambia, 'Mama, mimi simchukii. Lakini hiki ni kitabu cha watu. Nakupa wiki mbili. Asipopona, tumtafutie pa kwenda.' Sasa paka mzee, tena anaharisha, nani atampokea? Mimi mwenyewe nimepanga chumba, na mwenye nyumba hataki hata kuku."

Siyo kwamba alikuwa amekaa tu. Jumatatu alimpa samaki. Mkaguzi alipotapika, Jumanne akamnunulia chakula cha kopo. Jumatano akamkorogea uji wa maziwa, Alhamisi maini, Ijumaa akarudi kwa samaki, wa aina nyingine.

"Kila asubuhi chakula kipya, kila jioni napiga deki," anasema.

Alikuwa na jambo jingine lililomtatiza. Kila alfajiri huwaombea watoto wake na wajukuu, mmoja mmoja kwa jina. Kumtaja paka katika sala aliona aibu.

"Nilifikiri ni kumpotezea Mungu wakati. Halafu nikajiuliza, tumbo hilo nani kaliumba? Nikaomba. Sikuomba muujiza. Niliomba nionyeshwe ninapokosea."

Kesho yake alimtia Mkaguzi kwenye boksi la karatasi na kumpeleka kwa daktari wa mifugo, binti ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe wa mwisho. Daktari alimpima, hakukuta minyoo wala homa. Akauliza paka amekula nini wiki hiyo. Mama Gundi alihesabu hadi vidole vya mkono mmoja vikamwishia.

"Mama yangu," daktari akamwambia, "tumbo la paka mzee halivumilii tena kila kitu, na hili halijapewa hata siku mbili za kukizoea chakula kimoja. Kila likitaka kutulia, unalishtua. Na nani mwingine anamlisha?"

"Hakuna. Ni mimi tu."

"Una hakika?"

Hapo ndipo alipokumbuka. Karakana hii ina desturi yake, tangu Mkaguzi alipofika akiwa mdogo: anayemaliza kujalidi kitabu humkatia paka kipande cha chochote anachokula, ndiyo shukrani kwa mlinzi wa gundi. Na kwa siku humalizwa vitabu kumi, hata kumi na viwili.

Mchana ule aliwaweka wote kitako.

"Semeni ukweli. Nani anampa nini?"

"Mimi mchuzi tu," alijibu fundi wa mashine ya kukatia. "Nyama nakula mwenyewe."

"Mchuzi wa vitunguu?"

"Sasa mama, mchuzi bila vitunguu si maji ya moto?"

"Vitunguu ni sumu kwa paka! Daktari kaniambia kwa kinywa chake. Na wewe, shoga yangu?"

Mshonaji mwenzake, mwanamke aliyeanza naye kazi mwaka uleule, aliinamisha kichwa. "Maziwa. Kila siku, kikombe. Nilimwona anakonda, nikamwonea huruma."

"Maziwa ndiyo yanayomkimbiza kwenye mchanga."

"Mwenzangu, nisamehe. Nilijua paka na maziwa ni ndugu."

Mama Gundi anasema hakuweza kumkasirikia. "Nitamnyooshea nani kidole, wakati mimi ndiye niliyekuwa nambadilishia kila siku? Tulikuwa tunamuua kwa mapenzi."

Desturi ikasimamishwa siku hiyohiyo. Kwa maelekezo ya daktari, Mkaguzi akala kitu kimoja tu: minofu ya kuku iliyochemshwa kwa maji matupu, bila chumvi, mafuta wala kitunguu, kidogo kidogo mara nne kwa siku. Bakuli la maji safi likawekwa mbali na ndoo ya gundi. Siku ya tatu aliacha kutapika.

Kisha ikaja kazi ya kuchagua chakula kikavu cha kudumu. Dukani alikuta mifuko kumi na tatu. Aligeuza mmoja mmoja kusoma nyuma, kwa sababu daktari alimwambia asidanganywe na picha: atafute cha paka wenye tumbo dhaifu, chenye nyama ya aina moja na orodha fupi ya vilivyomo.

"Mama, unasoma gazeti?" muuzaji akamuuliza.

"Nasoma, mwanangu. Wewe ungeoa bila kuuliza ukoo?"

Alitoka na mfuko mdogo uliomgharimu karibu ujira wa siku mbili. Hakumpa wote kwa pupa. Siku ya kwanza alichanganya kijiko kimoja na kuku, akasubiri, kisha akaongeza. Leo bakuli ni nusu kwa nusu.

Saa nne, mwenye karakana anaingia. Anamtazama Mkaguzi, anampapasa mbavu, kisha anakwenda mwenyewe nyuma ya mlango.

"Mimi nimesoma mpaka chuo," anasema akirudi, "na sikujua siku moja nitakagua mavi ya paka." Anakohoa kidogo. "Abaki."

Mama Gundi anakaa kwenye stuli. Anavua miwani, anaipangusa kwa upindo wa kanga, anaivaa, anaivua tena. Mshonaji mwenzake anamshika bega.

"Asante, Mungu wangu," anasema kwa sauti ya chini, kisha anacheka huku machozi yakimtoka.

Mwakani anastaafu. Atahamia kwa dada yake, mwenye nyumba yake na uwanja mdogo, na Mkaguzi atakwenda naye. Mwenye karakana ameridhia, mradi apatikane paka mwingine kijana wa kurithi kazi. Dada amekubali, ila Mama Gundi anamfahamu: ni mtu asiyeweza kuona kiumbe kinamtazama akila.

"Nimeshampigia simu kumpa masharti," anasema. "Nimemwambia, dada, huruma yako yote nipe mimi. Niongezee wali, niongezee nyama, nimwagie mchuzi. Huyu akikulilia, mpapase kichwa tu."