Mkanda wa Japani Kwenye Sufra Yetu

Mdogo wangu alinipigia simu nikiwa kazini, mapokezi kwenye kliniki ya meno huko Lewisham, akaniambia kwamba Jumapili ataleta mgeni nyumbani kwa mama. Nikamwuliza mgeni gani. Akasema ni bingwa wa mieleka kutoka Japani, hajaonja chakula cha nyumbani tangu afike London, na mama keshakubali. Kwa hivyo mimi sikuulizwa kama aje au asije. Niliulizwa kama nitapika biriani.

Mama anakaa Woolwich, kwenye nyumba ile ile tuliyolelewa baada ya wazee wetu kuhama Pemba. Alipopasuliwa nyonga nilirudi kukaa naye. Mdogo wangu ana zaidi ya miaka arobaini, anaendesha gari la kusambaza vifurushi, na tangu utotoni anapenda mieleka kuliko kitu chochote. Mimi siiwezi kabisa. Jasho la mtu linamdondokea mwenzake mdomoni, mate yanaruka, wengine wanajichanja uso makusudi ili damu ionekane, na watu wazima wanapiga kelele huku wakijua fika kwamba mshindi alikwisha kupangwa. Yeye aliingia kwenye kikundi kidogo kinachoonyesha mieleka kwenye kumbi za mitaani. Kazi yake ni kufunga na kufungua ulingo. Safari hii kikundi chake kilikuwa kimewaalika Wajapani.

Bingwa alifika na maua. Alikuwa mtu mpana, nywele kazitia rangi ya manjano, mikono imejaa makovu kama kibao cha kukatia nyama. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akamwinamia mama mpaka nikadhani ataanguka. Mama alikuwa kwenye kiti chake kifupi kando ya sufra, maana daktari alimkataza kukaa chini. Alifurahi sana. Alisema, "Huyu kalelewa."

Yeye na mdogo wangu walikuwa wamefuatana na watu wawili: mkalimani mwembamba aliyekataa kuvua koti lake, na kijana wa kamera, ambaye mdogo wangu alisema amekuja kupiga picha za kumbukumbu tu.

Nilikwishapanga masinia, kachumbari na bakuli la mtindi. Bingwa akafungua begi, akatoa mkanda wake wa ubingwa, akauweka juu ya sufra, baina ya sinia na mtindi, kama mtu anayetoa zawadi. Ulikuwa wa ngozi nyeusi, na mbele una bamba la shaba lililopakwa rangi ya dhahabu, limejikunjakunja. Harufu yake ilinifikia kabla sijakaa. Ilikuwa harufu ya soksi za mtu aliyelala nazo safarini, na chini yake kitu kingine, kama chuma kilichoota kutu. Kwenye tundu za mshipi kulikuwa na uchafu wa kahawia. Sikuuliza ni wa nini.

"Hapo si mahali pake," nilimwambia mdogo wangu.

"Dada, hiyo ni heshima," akasema. Kisha akamgeukia mama na kuanza kumweleza historia ya mkanda, kwa Kiswahili, macho yanamwaka kama anasimulia habari za mababu zetu.

Alisema mkanda ule ulianza kama mzaha. Kule Japani kulikuwa na mikanda mikubwa ya fahari, inayogombewa na watu wakubwa kwenye kumbi kubwa, na kikundi kimoja kidogo kikaamua kutengeneza wa kuikejeli. Wakauwekea sharti kwamba bingwa anaweza kushambuliwa saa yoyote, mahali popote, na mtu yeyote, mradi refa yupo. Ukimlaza mabega yakagusa chini, refa akahesabu mpaka tatu, ubingwa ni wako. Watu walinyang'anyana mkanda huo sokoni, kwenye mabafu ya umma, ndani ya treni, kwenye harusi ya bingwa mwenyewe. Miaka ilivyokwenda, hata watu hawakutosha tena.

"Ngazi iliwahi kuwa bingwa," alisema.

"Ngazi ya kupandia?" mama akauliza.

"Ilimwangukia bingwa, refa akahesabu. Na mwanasesere. Na paka. Na godoro."

Mama alicheka mpaka akajifuta machozi. Mimi nilikuwa nikiutazama mkanda, nikifikiria mabafu ya umma.

Tulikuwa tumekwisha kuanza kula kengele ya mlango ilipolia. Mdogo wangu alinyanyuka upesi mno. Nilisikia mlango unafunguliwa, kisha vishindo, na likaingia pandikizi la Mwingereza lililovaa koti la mvua. Alipolitupa koti, ndani alikuwa na chupi ya kubana na mabuti tu. Alikuwa amejipaka mafuta. Aliingia na mabuti yake ya mvua kwenye zulia tunalosalia.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Mwingereza alimrukia bingwa, bingwa akamkwepa, wakashikana. Sinia moja likapinduka. Mguu uliovaa buti ulikanyaga katikati ya sufra, wali ukatoka kando ya soli. Mkanda ulipigwa teke ukaingia kwenye bakuli la mtindi. Nilipiga kelele waondoke, lakini kijana wa kamera alikuwa amenizibia njia, anarudi nyuma huku anapiga picha. Nilimwona mdogo wangu pembeni ya mlango, mikono kaiweka kichwani, anatabasamu. Hapo nilijua kwamba hakushangaa hata kidogo.

Mwingereza alimnyanyua bingwa akambwaga chini, mbele ya miguu ya mama, na yeye mwenyewe akateleza kwenye kachumbari akaangukia nyuma, akabaki pale anashika kiuno. Bingwa alilala chali, macho kayafumba, hatikisiki. Sasa najua kwamba ndivyo wanavyofanya, lakini mama hakujua. Alidhani mgeni wake anakata roho ndani ya nyumba yake. Aliinama kutoka kwenye kiti, akamwekea kiganja kifuani juu ya shati, akafumba macho na kuanza kumsomea dua.

Mkalimani alifungua koti. Ndani alikuwa na shati la mistari la refa. Alijitupa chini akapiga zulia kwa kiganja, moja, mbili, tatu, huku midomo ya mama bado inasoma.

Wote wakashangilia. Hata bingwa aliamka akashangilia. Refa aliuokota mkanda kwenye mtindi, akaukung'uta, akamwekea mama mapajani, akaunyanyua mkono wake juu. Mama alinitazama, akauliza kwa sauti ndogo, "Kapona?"

Sijawahi kuchukizwa kiasi kile. Mabuti, mafuta na chakula kilichokanyagwa ningeweza kuvisafisha. Lakini dua ya mama yangu, aliyoitoa kwa hofu ya kweli juu ya mtu aliyedhani anakufa, walikuwa wameigeuza kitu cha kuchekwa na watu wasiomjua. Niliufunika mkono wake kwa mtandio wangu, nikawaambia watoke.

Bingwa alibaki nyuma na mdogo wangu. Aliniinamia mara nyingi, na kwa kuwa aliona nimekasirika, alidhani sijaelewa utukufu wa jambo lenyewe. Akatoa simu kunionyesha picha za mabingwa wengine, mmoja mmoja, kwa fahari. Ngazi ile. Godoro. Kisha mbwa mnene mweupe, kaung'ata mkanda mdomoni, mate yanamchuruzika mpaka kwenye bamba la shaba.

"Mbwa?" nilimwambia mdogo wangu. "Hukusema mbwa."

"Nilijua utakasirika."

Mama alikuwa amesikia. Aliutazama mkanda uliokuwa mapajani mwake, umerowa mtindi, kisha akaitazama sufra. "Ungekuwa mkavu, haina neno," alisema. "Lakini umerowa, na najisi ya mbwa imeingia kwenye chakula." Biriani yote niliyoanza kuipika tangu alfajiri ilikwenda kwenye mifuko ya taka.

Kesho yake nilimkuta mama uani na fimbo yake, ameketi kwenye kiti cha plastiki, anauosha mkanda. Alichota udongo kwenye chungu cha mchaichai, akausugua kote, mbele na nyuma, akausuuza, na akarudia mpaka zikatimia mara saba. Maji ya mwanzo yalitoka na rangi ya chai iliyochacha. Nywele za manjano zilitoka pia, na kitu kilichofanana na kipande cha plasta ya kidonda, ambacho nilikiondoa kwa kijiti huku nimegeuza uso. Ngozi ilivimba. Rangi ya dhahabu kwenye bamba ilibanduka vipande vipande.

"Uache, mama. Tuutupe."

"Amana ya watu," alisema. "Nitairejesha ikiwa safi."

Tatizo ni kwamba hawakuutaka hivi hivi. Mdogo wangu alinieleza kwenye simu kwamba mama ndiye bingwa halali, na kwa sheria za mkanda mtu lazima amlaze chini, mabega yaguse, refa ahesabu. Alisema picha zimeenea Japani kote, na watu wanampenda mama.

"Hakuna mtu atakayemlaza mama yangu chini," nilimwambia.

"Wataweka mto, dada. Taratibu."

"Ana chuma nyongani. Unasikia unachosema?"

 Akasema kwamba kikundi cha Japani kitarudi kwao karibuni, na bila mkanda yeye ataaibika. Nilikata simu. Kazini siku ile mgonjwa mmoja, mtu wa makamo anayesubiri kung'olewa jino, alinionyesha video kwenye simu yake akauliza kama nimeiona. Mama yangu alikuwa pale, amefumba macho, kiganja kifuani mwa mtu, na juu yake wametia sauti ya watu wanaocheka. Nilimwambia sijaiona.

Mama ndiye aliyemaliza ubishi. Alisema waje, na alinikataza nisiseme neno. Walipofika, alikuwa amekwisha kutandika mkeka wake wa mazoezi sebuleni. Kila asubuhi hulala chali pale na kunyanyua mguu, kama alivyofundishwa hospitali.

"Mimi nalala chini kila siku," alisema. "Hakuna haja ya kunibwaga. Mtu baki hatanigusa. Kamera ikae mlangoni, inipige miguu tu, soksi ninazo. Mwanangu ndiye atakayeniwekea mkono."

Mdogo wangu alikuwa akimtafsiria refa kwa Kiingereza, na alipofika kwenye maneno ya mwisho alisita. Refa akamwuliza kama anakubali. Alisema sheria inaruhusu mtu yeyote, hata mtoto wa bingwa. Ikiwa paka ameweza, na yeye aweza.

Mama alijilaza, akavuta pumzi, akamwita kwa jina lake la utotoni. Mwanawe akapiga magoti, akamwekea mkono begani, kidogo tu, kama anayemwamsha. Refa alihesabu. Mdogo wangu alikuwa analia wazi wazi, kamasi zinamtoka, na alipoinuka akaufunga ule mkanda uliokunjamana juu ya jaketi lake la kazi. Mtu mzima, amepata ubingwa kwa kumlaza mama yake mgonjwa. Nilikwenda jikoni nikafungua bomba ili nisisikie wanavyompongeza.

Lakini nilisikia mlango wa mbele, kisha kishindo nje. Nilipofika dirishani mama alikuwa amekwisha kusogea pale, ameshika pazia. Yule Mjapani mwenye nywele za manjano alikuwa amemvizia mdogo wangu barabarani, akamgonga kwenye mapipa ya taka ya jirani. Pipa lilianguka. Walikuwa wamelala juu ya maganda ya mayai na nepi, na refa alikuwa anaipiga njia ya miguu kwa kiganja. Jirani alisimama na mbwa wake, anatazama. Kutoka sebuleni kwetu mpaka kwenye mapipa, ubingwa wa mdogo wangu ulikuwa umekwisha.

Alirudi ndani na mchubuko kwenye paji la uso. Mama alimkalisha, akamfuta kwa ncha ya mtandio wake.

"Sasa umefurahi?" akamwuliza.

"Sana, mama."

"Basi."

Nilimwambia mama baadaye kwamba wamemdhalilisha, na kwamba mwanawe aliwafungulia mlango. Alisema anajua. Alisema aliuona uso wa mdogo wangu pembeni ya mlango kabla yangu. "Angeniambia tu anataka nini," akasema. "Ningelala siku ile ile, na biriani tungeila." Kisha akasema kwamba mimi nachukizwa na kila kitu tangu utotoni, hata maziwa yakifanya utando.

Inawezekana. Mdogo wangu amechapisha fulana yenye picha ya mapipa. Yeye na mama sasa wamo kwenye historia ya mkanda ule, mama kwenye orodha moja na godoro, na watu wa Japani wanaitunza historia hiyo kwa uangalifu kuliko sisi tunavyotunza ya ukoo wetu. Sijaacha kuona kinyaa. Mdogo wangu akija kula Jumapili, namwekea chakula, lakini mlango naufungua mwenyewe.

Wiki iliyopita tulikuwa sokoni Woolwich, mama anachagua ndizi, msichana mmoja wa Kizungu akaja mbio, akainama kama Wajapani, akaomba apige picha naye. Mama aliweka fimbo vizuri, akatengeneza mtandio. Msichana alikuwa peke yake, hana wa kumpigia. Akaninyooshea mimi simu yake.

Kioo chake kilikuwa kinanata. Niliishika kwa ncha za vidole, nikawapiga picha.