Jani la Isale la Mwalimu Aikande

Wiki iliyopita, hapa Mwika, nilimwona baba mdogo akimpelekea kaka yake jani la isale lililofungwa fundo, kumwomba radhi. Walikuwa hawasemeshani kwa miaka. Mkubwa alilipokea, wakakumbatiana. Mimi nilitoka nje.

Nilipokuwa mtoto, Mwalimu Aikande alitufundisha kuimba kanisani, uimbaji wa kiklasiki aliousomea ng'ambo. Alitushikisha jani la isale mbele ya midomo: sauti itoke, jani lisitikisike. Langu lilitikisika kila siku. Mchana mmoja uvumilivu ukamwishia. "Sauti yako ni bure kabisa," alisema mbele ya wenzangu. Nilikimbia nyumbani nikilia.

Alasiri mvua ilikatika, maganda ya kahawa yakanuka uani. Alikuja peke yake, jani mkononi, amelifunga fundo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Pokea."

Alininyooshea mikono yote miwili. Maana ya fundo sikuijua bado; nilidhani ni mazoezi tena, hata nyumbani kwetu! Nikalichukua, nikamtupia mbuzi bandani.

Mwalimu alisimama kitambo akimtazama mbuzi anavyotafuna. "Haya," alisema, na ile sauti iliyokuwa ikijaza kanisa sikuisikia vizuri. Akashuka zake migombani.

Hakuniita tena mazoezini, nami sijaimba tangu siku ile. Yeye tumeshamzika. Kwetu isale haikataliwi, hata anayeileta awe amekuulia ndugu. Mimi niliikataa, na usiku ule nililala nikifurahi kwamba nimemshinda.