Kamba Iliyonyeshewa Siku ya Sabato

Sisi tuliokuwa darasa la sita katikati ya miaka ya sitini, pande za Ekerenyo, hatukujua kwamba tenisi ni mchezo wa matajiri. Tulidhani ni mchezo wa walimu, kwa sababu aliyetuletea alikuwa Mwalimu Osoro, aliyerudi kutoka chuoni na raketi mbili akasawazisha uwanja wa udongo mwekundu nyuma ya madarasa. Raketi zetu wenyewe zilikuwa vipande vya mbao. Mpira tuliusokota kwa maganda makavu ya mgomba, na ukilowa ulikuwa mzito kama kiazi. Ukikupata usoni, siku hiyo unasoma kwa jicho moja. Wadogo zangu wa leo wakikosa mpira wa dukani hukaa chini wakinuna.

Mwezi huu Mwalimu ameacha mashindano. Amekuwa bingwa wa wilaya kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote ninayemjua, akiwa na viatu vya raba alivyovipaka chaki na mkwaju wa kwanza uliopigwa bila haraka, kama mtu anayetundika koti. Hakucheza Jumamosi hata mara moja. Fainali zilizoangukia siku ya Sabato aliziacha zipite, akaenda kanisani na watoto wake. Akicheza nyumbani hakushindwa, isipokuwa mara moja, na hiyo moja ndiyo inayonifanya niandike.

Kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri, na kila iliponyesha mistari ya uwanja ilifutika. Darasa letu ndilo lililoichora upya, kwa unga mweupe wa yale mawe laini ya kuchonga vinyago. Wenzangu walichora kwa macho. Mimi sikuweza. Katika kijitabu cha Mwalimu kilichochanika nilisoma mwenyewe kwamba kutoka wavuni hadi mstari wa nyuma ni futi thelathini na tisa, na tangu siku hiyo sikulala vizuri mpaka nilipopata kamba ya katani, nikaipima kwa rula ya shule, futi moja moja, nikafunga fundo. Kisha nikapima tena. Wenzangu waliniita Fundi Rula. Mama, akinikuta napanga ndizi sufuriani kwa urefu, alisema, "Huyu siku moja atapima hata uji."

Fainali ya mwaka huo ilikuwa Jumapili, kwetu, dhidi ya bwana mmoja mrefu kutoka Kericho. Ijumaa nilipima kamba mara tatu, nikaitundika kwenye ua wa nyumbani kabla jua halijazama. Jumamosi tulipotoka kanisani mvua ikaja. Nilisimama mlangoni nikiitazama kamba yangu ikilowa.

"Mama, nikaitoe tu."

"Hiyo ni kazi."

"Ni kamba tu, Mama."

"Na Sabato ni Sabato. Kamba haina mafua. Rudi ndani."

Nilirudi. Jumapili asubuhi nilikimbia nayo uwanjani ikiwa bado mbichi, nikachora upande huu na upande ule. Mistari ilinyooka mpaka Mwalimu akanisifu mbele ya wote. Sijawahi kusifiwa vizuri hivyo tena.

Mchezo ulikuwa mrefu. Mwishoni Mwalimu aliupiga mpira ndani kabisa, upande wa mgeni, nasi tukaruka juu kushangilia. Mwamuzi akaita, "Nje!" Mpira ulikuwa umedondoka nyuma ya mstari kwa upana wa kiganja. Mwalimu alikwenda, akaiangalia ile alama kwenye udongo, akaifuta kwa ncha ya kiatu, akampa mwenzake mkono. Ilikuwa pointi ya mwisho. Watoto walilia. Mimi sikulia, kwa sababu nilikuwa nimeanza kushuku.

Jioni niliipima kamba. Kutoka mwanzo hadi fundo, ilikuwa imepungua kwa upana wa kiganja. Katani ikilowa hujikunja. Hilo halikuwa katika kijitabu.

Sikumwambia mtu. Nimekua, nimepata kazi ya kuandika barua kwenye ofisi ya watu mjini Kisii, na bado kila barua naisoma mara nne nikitafuta kiganja kinachopungua. Nilipowasimulia watu habari za Mwalimu niliongeza kila mara kwamba ile siku alionewa. Sikusema alionewa na nani.

Jumapili iliyopita shule ilimpikia chai na ndizi za kumuaga. Nilingoja wageni wapungue, nikamweleza yote, kamba, mvua, Mama, kiganja.

Akaweka kikombe chini. "Kwa hiyo umetembea na hiyo kamba shingoni miaka yote hii?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na upande wangu uliupima kwa kamba gani?"

"Hiyohiyo."

Akacheka mpaka akakohoa. "Sasa nimeelewa! Yule bwana alipiga mipira miwili mizuri sana upande wangu, ikaitwa nje. Nilishangaa. Nikanyamaza, nikachukua pointi zangu. Mwanangu, alinishinda. Tena bila kamba yako angenishinda mapema."

Nilipaswa kufurahi. Badala yake niliona nimenyang'anywa kitu. Kumbe nilikuwa nimeipenda hatia yangu, maana ilimfanya awe mtu asiyewahi kushindwa.

Siku hizi uwanja ule ni wa saruji, mistari ni ya rangi, na mvua haiifuti. Nilipokuwa natoka, vijana wawili wenye raketi za dukani walikuwa wanabishana kuhusu mpira mmoja, mchezo umesimama, kila mmoja akionyesha mahali pake kwa kidole. Nilisimama muda mrefu kidogo, nikitamani mmoja wao anyooshe kiatu, aifute ile alama, ampe mwenzake mkono. Lakini kwenye saruji mpira hauachi alama.