Kuwaogesha Chiriku na Mzee

Mtaani walimwita Bi Pasi, na jina hilo hakulichukia. Tangu usichana wake alikuwa akipiga pasi kwenye duka la dobi, amesimama nyuma ya meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, akinyoosha mashati ya watu asiowajua sura. Mume alikuwa naye zamani. Wakaachana bila kelele, kila mtu akashika njia yake. Mtoto hakujaliwa. Akabaki na chumba chake kimoja, redio yake, na usingizi usiovunjwa na mtu.

Ndugu yake wa pekee alikuwa mdogo wake wa kiume, fundi bomba. Na mke wa fundi ndiye aliyekuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. Wapo mawifi wanaoishi kama paka na panya. Hawa wawili walikuwa chanda na pete. Siku za mapumziko Bi Pasi alikwenda kwao asubuhi na mapema, wakaketi jikoni wakimenya viazi na kumsema fundi mwenyewe akiwa pale pale anasikia, mpaka maskini anabeba mfuko wake wa spana na kutoka. "Nyumba hii ina mabomba mawili yanayovuja," alikuwa akisema akiwa mlangoni, "na yote mawili hayana dawa." Nao walimjibu kwa kicheko.

Kisha wifi akaenda hospitali kujifungua mtoto wa pili. Aliondoka mchana kweupe, kwa miguu yake, mfuko wa nguo begani. Alimbusu binti yake utosini akamwambia, "Mama anarudi sasa hivi." Mtoto alizaliwa salama. Mama akaanza kutokwa na damu. Wauguzi walikimbia huku na huko, daktari akaitwa, wakafanya kila walichoweza, na haikusaidia. Aliyerudi nyumbani ni mtoto, na ule mfuko.

Baada ya maziko, ndugu na jamaa walitawanyika mmoja mmoja, kila mtu na shughuli zake. Bi Pasi ndiye aliyebaki. Alisema anakaa kidogo tu, mpaka mambo yatulie. Alileta kanga mbili na mswaki.

Sasa, watoto wenyewe. Mkubwa alikuwa msichana ambaye hata miaka mitatu hajatimiza. Alianza kuongea mapema na hakujua kunyamaza, ndiyo maana baba yake alimpa jina la Chiriku. Mdogo wake alizaliwa na makunyanzi kwenye paji la uso, amekunja uso kama mtu anayesikiliza kesi ya ukoo na hajaridhika na ushahidi. Wakamwita Mzee, na jina la cheti likasahaulika hapo hapo.

Lakini Chiriku alikuwa haongei tena. Tangu mama yake aondoke, maneno yalimkauka mdomoni. Ukimwuliza kitu anatikisa kichwa au anaitikia kwa macho. Jambo moja tu ndilo lililomtoa sauti, nalo Bi Pasi alilijua siku ya kwanza alipotaka kumwogesha Mzee. Alimbeba kichanga, akaingia naye bafuni, akarudishia mlango. Nyuma ya mlango ule Chiriku alipiga ukelele ambao shangazi yake hakuwahi kuusikia kwa mtoto. Hakuwa analia kwa deko. Aliupiga mlango kwa viganja, akalia mpaka akatapika kizingitini. Bi Pasi alipofungua, akiwa na kichanga kinachotiririka povu, mtoto alikishika kisigino cha mdogo wake na kukaa nacho, anatetemeka.

Ndipo Bi Pasi alipoelewa. Katika akili ya mtoto huyu, mtu akichukuliwa nje ya macho yako, harudi.

"Haya, mama," alimwambia. "Tutaoga wote. Hakuna atakayefungiwa."

Kusema ni rahisi. Bafu lenyewe lilikuwa jembamba kiasi kwamba ukigeuka, kiwiko kinagonga ukuta. Kwa hiyo aliwahamishia jikoni, kwenye sakafu ya saruji, mabeseni mawili yakiwa bega kwa bega. Jioni ile ya kwanza ilikuwa balaa. Alisahau taulo chumbani, na hakuthubutu kuwaacha kulifuata. Mzee alipakwa sabuni akawa anateleza kama samaki. Chiriku naye, katika kutaka kumlinda, alitoka kwenye beseni lake na kujitumbukiza kwenye la mdogo wake, maji yakafurika mpaka chini ya jiko. Watoto wote wawili wanalia. Bi Pasi aliishia kuwafunga wote ndani ya kanga aliyokuwa ameivaa, akakaa chini kwenye maji, amelowa chepechepe.

"Leo aliyeoga ni mimi," alisema peke yake. Ingekuwa wifi yupo, wangecheka mpaka washike mbavu.

Ila alikuwa mwanamke aliyezoea kazi yenye moto na mvuke, kazi isiyotaka haraka. Akajipanga. Kila kitu kiwe karibu kabla ya tone la maji kumwagwa: taulo mbili, nepi, nguo, mafuta, sabuni, vyote juu ya kigoda upande wa mkono wake wa kulia. Maji ya baridi kwanza, ya moto baadaye, kisha anachovya kiwiko. Beseni la Mzee lilikuwa na maji ya kulowesha tumbo tu, na ndani yake alitandika kitambaa kilichokunjwa ili asiteleze. Chiriku alikaa kwenye beseni lake kubwa akitazamana na mdogo wake, na alipewa kazi: kikombe cha plastiki, amwagie Mzee miguuni polepole. Mtoto mwenye kazi hana muda wa kulia. Mzee akimaliza, anafungwa taulo kama mkate na kulazwa kwenye godoro dogo mbele ya macho ya dada yake; ndipo zamu ya Chiriku inafika, shingo, kwapa, vidole. Mkono mmoja wa Bi Pasi haukuacha kumgusa aliye majini. Hata mtu alipobisha hodi, alimjibu bila kuinuka, mlango ukiwa umefungwa.

Mchana watoto walikaa kwa jirani, mshonaji wa nguo, cherehani ikiwabembeleza. Jioni Bi Pasi alitoka kazini moja kwa moja hadi kwenye mabeseni.

Na fundi? Fundi alileta kila kitu. Maziwa ya kopo yalikuwa hayaishi, nepi zilirundikana juu ya kabati, alinunua hata kofia za sufu wakati jua linachoma. Lakini alirudi nyumbani watoto wamekwisha lala, na akiwakuta macho, alimpakata Chiriku na kumtazama Mzee kwa mbali, kama mtu anayetazama mizigo ya mwenzake. Hakumbeba. Tangu walipotoka hospitali hakumbeba hata siku moja. Dada yake aliliona hilo, akalimeza. Majirani nao waliliona, na wao hawakulimeza; walinong'ona kwamba fundi anamlaumu mtoto kwa kifo cha mama yake.

Bi Pasi alitaka kumwuliza. Mara kadhaa neno lilimfika kooni. Ila akimwona anavyokula, amekaa kwenye ncha ya kiti kama mgeni, alirudisha neno lake.

Mambo yaligeuka siku pasi ya mvuke ilipomtoka mkononi. Mwenzake alikuwa anavuta shuka upande wa pili, waya ukanasa, pasi ikaanguka. Bi Pasi akaidaka kwa kiganja cha kulia, bila kufikiri. Zahanati walimfunga bendeji kuanzia vidoleni hadi kifundo cha mkono, wakamwambia mkono huo usiguse maji mpaka waseme wao.

Alipofika kuwachukua watoto, mshonaji aliutazama mkono, akaguna. "Shoga, si wanasema mkono mmoja haulei mwana? Sasa wewe ndio umetaka kuhakikisha?" Alikuwa anatania, lakini wakati huo huo alishika simu na kumpigia fundi. Angewaogesha yeye mwenyewe, alisema, ila mteja alikuwa amekaa pale anasubiri gauni, na harusi ni kesho.

Bi Pasi aliwaza kuwalaza hivyo hivyo. Siku moja bila kuoga haijaua mtu. Lakini joto lilikuwa la kuchemsha, Mzee amejaa vipele shingoni, na alipomlaza kitandani akamfungua nepi, alikuta kazi imefanyika hadi mgongoni. Alikuwa bado anamtazama, hajui aanzie wapi, fundi alipoingia anahema, mfuko wa spana mkononi.

"Dada, pole. Umeumia sana?"

"Nitapona. Nawa mikono. Hadi kwenye viwiko, na usugue hizo kucha."

"Kwa nini?"

"Watoto hawajaoga."

"Mshonaji je?"

"Ana gauni la watu. Wewe una mikono miwili."

"Nitamwogesha Chiriku. Huyu..." Hakumaliza.

"Huyu ana jina," Bi Pasi alisema, na hapo sauti ilimpanda, ndugu yake hakuwa ameizoea. "Mtaa mzima unasema humtaki. Mimi nimenyamaza, nikasema nimpe mdogo wangu nafasi. Lakini mtoto huyu hakumwua mama yake. Kama hivyo ndivyo unavyofikiri, niambie leo nikae nikijua."

Fundi aliweka mfuko chini.

"Ni hivyo unavyonifikiria?" alisema. "Dada, sikiliza. Pale hospitali, mambo yalipoharibika, muuguzi alitoka akanipa mtoto mikononi. Akaniambia, mshike huyu, usimwachie mtu. Nikamshika. Nikawasikia ndani wanakimbia, nikamsikia na mke wangu mwenyewe ananiita. Ananiita kwa jina langu. Nami nimesimama kwenye korido nimeshika mtoto, sijui nimweke wapi. Walipofungua mlango ilikuwa imekwisha." Aliitazama mikono yake. "Kila nikitaka kumbeba, namsikia. Simchukii. Ni vile namsikia."

Bi Pasi alimsogelea. Alitaka kumkumbatia, lakini Mzee alikuwa anatapatapa kitandani, na Chiriku amesimama kati yao, anawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Basi kanawe," alisema kwa upole. "Nitakuwa hapa hapa."

Fundi akanawa. Bi Pasi alikaa kwenye kiti, mkono wa bendeji ameuinua begani, akawa anaelekeza. Baridi kwanza. Sasa ya moto. Kiwiko, si kidole, vidole vyako vimekufa ganzi kwa mabomba. Pitisha mkono chini ya shingo, umshike kwapa la upande wa pili. Hapo. Hatavunjika.

Fundi alimchukua mwanawe kama mtu anayepokea kitu cha moto. Alimshusha majini polepole. Macho aliyafumba, machozi yakamchuruzika. Bi Pasi alijua anamsikia nani. Chiriku, ambaye tayari alikuwa ndani ya beseni lake, alichota maji kwa kikombe, akamwagia Mzee miguuni. Kisha akachota tena, akamwagia baba yake juu ya mikono, polepole, kama alivyofundishwa.

"Usilie," alimwambia. "Maji si ya moto."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya kwanza yaliyonyooka tangu siku ile. Fundi alilia wazi wazi, bila kujificha, huku anamsugua Mzee mgongo. Aliogesha vibaya, sabuni ikabaki nyuma ya masikio, nepi akaifunga kombo. Mzee alikunja uso wakati wote, hajaridhika na ushahidi, halafu akalala.

Kesho yake fundi alirudi mapema. Na kesho yake tena. Mkono wa Bi Pasi ulipona, ngozi mpya ikaota, nyekundu na laini, lakini hakuna aliyemwambia arudi kwenye mabeseni, naye hakujitia. Alipika huku akiwasikiliza. Chiriku alianza kuuliza maswali, kwanza kuhusu povu, halafu kuhusu kila kitu. Jioni moja aliuliza, akiwa amesimama kwenye beseni analoshwa shingo, "Mama anaogea wapi siku hizi?"

Bi Pasi aliacha kukoroga chungu. Jamaa walikuwa wamempa mtoto majibu mengi: mama amesafiri, mama amelala, mama atakuja. Fundi aliweka sabuni chini.

"Mama haogi tena, mwanangu. Mama amekufa. Hakutaka kutuacha, lakini amekufa, na hatarudi."

"Na Mzee?"

"Mzee yupo. Mimi nipo. Shangazi yuko pale kwenye jiko, mwite."

"Shangazi!"

"Abee!" Bi Pasi aliitikia, na ilimbidi aitikie mara ya pili kwa sababu ile ya kwanza haikutoka.

Chiriku alilia sana jioni ile, na jioni nyingine nyingi. Lakini alikuwa analia kwa mama yake sasa, si kwa mlango uliofungwa. Taratibu alikubali Mzee apelekwe chumba cha pili bila yeye kumfuata.

Mzee alipoweza kukaa mwenyewe, Bi Pasi alikunja kanga zake akarudi kwake. Fundi alimsindikiza hadi mlangoni, Chiriku akambebea mswaki. Chumba alikikuta na vumbi jembamba, redio imeishiwa betri. Alifagia. Alichemsha maji, akaoga polepole, bila mtu wa kumwangalia, bila kutega sikio. Kisha alikaa kitandani, akajikuta anataka kumsimulia wifi yake jinsi fundi alivyofunga nepi kombo, na jinsi alivyomwingiza mtoto povu machoni, kisha akamwomba radhi kama aliyemkanyaga mtu mzima. Alifungua kinywa kabisa.

Tangu msiba alikuwa hajapata nafasi. Palikuwa na maji ya kuchemsha, na nepi, na mtu wa kubembeleza. Alijilaza ubavu, akaufunika uso wake kwa kanga, akamlilia rafiki yake mpaka jua likazama.