Mama Alivyoniachisha Ugali

Kwetu mtu ambaye hajala ugali hajala. Anaweza kuwa amemaliza paja la mbuzi, chai na maandazi manne, lakini ukimuuliza atakwambia kwa uso wa huzuni kwamba tangu asubuhi hajatia kitu tumboni. Nami nilikuwa mtu wa namna hiyo kwa miaka arobaini na sita, na sikuwa na mpango wowote wa kubadilika.

Kilichonishtua ni tepu yangu mwenyewe. Mimi ni fundi cherehani hapa Bariadi mjini, nakaa kutwa nzima, na suruali zangu najishonea. Hiyo ni hatari, kwa sababu mtu anayejishonea hana wa kumwambia kwamba ananenepa. Kila kiuno kilipobana nilifumua na kuachia kidogo, mpaka siku moja nikajipima kwa tepu, nikakuta kitambaa cha kuachia kimeisha. Siku hiyohiyo nikajiuliza pia kwa nini siku hizi nakunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi. Nikaenda kupima.

Daktari alikuwa kijana mwenye adabu. Aliniamkia kwanza, ndipo akaniambia sukari yangu imeanza kupanda. Hakunipa dawa, alinipa miezi mitatu. Nianze kwa kuacha sukari ya kwenye chai, kisha nikate ugali nusu, kisha nusu ya nusu, halafu nirudi tupime tena. "Polepole, mzee," alisema, na aliporudia mara ya tatu nikajua ameshanisoma.

Maneno hayo nilikuwa nimewahi kuyasikia. Miaka michache nyuma nilimsindikiza baba yangu kwa daktari mwingine. Kiswahili cha baba kilikuwa cha mnadani tu, cha kuuzia ng'ombe, kwa hiyo mimi ndiye niliyemgeuzia kila neno kwa Kisukuma: punguza ugali, punguza viazi, punguza uji. Baba alisikiliza vizuri sana. Njiani kurudi kijijini kwake Shishiyu akaniambia, "Usimwambie mama yako. Atadhani nakataa chakula chake." Sikumwambia. Baba akaendelea kula kila alichopakuliwa, sukari ikachukua mguu wake, na baadaye ikamchukua yeye mzima. Mama hakujua kwamba tulikuwa tumeambiwa apunguze. Jambo hilo lilinikaa kama pini iliyosahauliwa kwenye pindo la nguo: siku nyingi huisikii, siku moja inakuchoma.

Sasa, mimi na polepole hatujawahi kuwa marafiki. Nilifungua simu nikakuta watu wanakula nyama na mafuta, wanga hawaugusi, na viuno vinapungua. Wanaiita keto. Mke wangu akauliza kama hilo ni dhehebu jipya. Nikamweleza: hakuna ugali, hakuna wali, hakuna viazi, hakuna chapati.

"Yaani hakuna chakula," akasema.

Jumatatu nikaacha vyote kwa mpigo mmoja, nikajisifu kutwa nzima. Jumanne nikagombana na wateja wawili, mmoja alikuwa amekuja kuulizia njia tu. Jumatano kichwa kilinigonga, miguu ikawa kama ya kuazima, na nikashona sare za kwaya mikono ya kulia upande wa kushoto, sare sita, kabla ya kugundua. Mke wangu akaamua ni malaria. Tukaenda kupima, malaria hakuna. Nesi akaniuliza nimekula nini juma hili, nikamwambia, akacheka mpaka akashika meza.

"Umeunyima mwili wanga ghafla, lazima ulalamike," alisema. "Kunywa maji, kunywa supu yenye chumvi, na ufanye kama ulivyoambiwa."

Sikio la kufa halisikii dawa, mke wangu akaongeza, mbele ya watu wote waliokuwa kwenye foleni.

Jumapili tukaenda Shishiyu kwa mama, kama kila Jumapili. Mama alipakua kama kawaida yake. Ugali wa mama hauwekwi kwenye sahani, unasimamishwa. Pembeni kulikuwa na mlenda, nyama ya kukaushwa na maziwa mgando. Nikala mlenda, nikala nyama, ugali nikauacha umesimama vilevile.

Kwetu kuacha ugali wa mama yako kuna maana mbili tu. Ama umeshakula kwingine, na hiyo ni dharau, ama unadhani umetiwa kitu, na hilo ni balaa. Mama hakuuliza ni lipi kati ya hayo. Alisogea, akamega tonge upande wangu, akachovya kwenye mlenda wangu, akatafuna taratibu huku ananitazama machoni, akameza.

"Umeona?" alisema. "Sijafa."

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Nikamwambia ukweli, nusu yake: kwamba nimepimwa sukari na daktari amenikataza ugali mwingi. Uso wa mama ukakunjuka, maana ugonjwa ni afadhali kuliko dharau. "Si ungesema!" Akaondoa ugali, akaleta matobolwa, vile viazi vyetu vya kuchemsha na kukausha, ambavyo anajua siwezi kuvikataa. Nikasema hivyo pia vimekatazwa. Akaviondoa, akaleta muhogo. Nikatikisa kichwa. Akaleta uji wa ulezi. Kila alicholeta kilikuwa ndugu wa kile kilichoondoka, na kila nilipokataa sauti yangu ilizidi kuwa ndogo. Mwisho akasimama katikati ya uwanja ameshika bakuli la uji.

"Sasa, ng'wanawane," alisema, akiniita mwanangu kwa ile sauti ya kumwita mtoto asiyesikia, "wewe utakula nini? Majani?"

"Na mafuta," mke wangu akamjibu.

Zizini kulikuwa na ndama anaachishwa kunyonya, na wakati huo akalia. Mama akageuka kumsikiliza, kisha akanigeukia mimi.

"Ulianza kuacha vipi?"

"Kwa siku moja, mayu," nikamjibu, nikimwita mama kwa lugha yetu.

"Ukaumwa."

"Nikaumwa."

"Lazima uumwe. Hata ndama hatumfanyii hivyo. Ukimtenga siku moja analia mpaka sauti inakauka, halafu anakonda. Unampunguzia. Leo unamwachia chuchu mbili, baadaye moja, na majani unamsogezea karibu. Anakuja kushtuka ameshakuwa ng'ombe." Akaweka uji chini. "Niachie mimi."

Nikamwachia. Jumapili iliyofuata ugali wangu ulikuja kwenye bakuli la mboga, na mlenda ulikuja kwenye sahani ya ugali. Vyombo vilikuwa vimebadilishana vyeo. Baada ya majuma mawili ukaja kwenye kikombe cha chai, umeshindiliwa na kusawazishwa kwa kidole. Kila ugali ulivyopungua, mama alijaza pengo lake: mayai ya kuku wake, samli juu ya mchicha, supu ya mkia yenye chumvi ya kutosha. Kichwa hakikuuma tena. Siku za kati mke wangu alipewa amri kwa simu, naye alizitekeleza kwa furaha ambayo sikuipenda. Alinunua samaki kwa akina mama wanaowaleta kutoka upande wa ziwa, akawakaanga na ngozi zao, na kando yao akaweka kile kikombe. Simu ya mama ililia kila siku mchana, na hakuomba kuongea na mimi.

"Ndama wangu amekula nini leo?" aliuliza.

Jina likashika. Mke wangu akaniita ndama, jirani mwenye duka la mbegu akaniita ndama, mpaka mwalimu wa kwaya alipokuja kuchukua sare zake akauliza kama ndama yupo.

Nilianguka majaribuni mara moja tu. Mteja kutoka Sola aliniletea mfuko wa matobolwa kwa shukrani, nami nikaufungia kwenye droo ya nyuzi. Nilisema nitaonja moja. Mchana mke wangu alifungua droo kutafuta uzi mweusi, akakuta mfuko mtupu, na kabla sijamaliza kumeza mama alikuwa ameshapigiwa.

"Mwambie," nilimsikia mama kwenye simu, "ndama anayeiba maziwa, chuchu za mama yake tunazipaka mavi. Sitashindwa kupaka hiyo droo."

Kwenye droo hiyo sikuweka chakula tena.

Miezi mitatu ilipotimia nikaenda kupima, sukari ikawa imeshuka. Daktari akasema niendelee hivyohivyo, na nisiache kurudi. Suruali zote nikazibana. Jumapili nikaenda Shishiyu nimevaa shati jipya jeupe, furaha imenijaa, na mimi nikifurahi huwa nasema ovyo. Mama alikuwa jikoni anasonga. Kando yake alikuwa ameandaa chombo changu cha siku hiyo, kifuniko cha chupa ya chai.

"Mayu, imeshuka!" nikamwambia. "Kumbe ni ugali tu! Ningepunguza mapema nisingefika kule."

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria.

"Na baba yako?" mama akauliza. "Naye ulikuwa ugali?"

Nilikuwa na uongo wa kutosha, tena mzuri. Ningesema ugonjwa una mambo mengi, na usingekuwa uongo mtupu. Niliogopa. Niliogopa nisingepata tena kukaa pale jikoni kama mtoto wa nyumba ile. Lakini mama alikuwa amenihudumia miezi mitatu, kikombe kwa kikombe, kwa sababu moja tu, kwamba mimi nilimwambia.

"Baba aliambiwa apunguze," nikasema. "Mimi nilikuwepo. Alinikataza nisikwambie, aliogopa utadhani anakataa chakula chako. Nikanyamaza."

Mama akachomoa mwiko, na ugali wake wa moto, akanipiga nao bega la kushoto. Nina mtoto sekondari. Mara ya mwisho kupigwa na mwiko sikuwa nimeota hata ndevu.

"Hili la baba yako," alisema. Akanipiga la kulia. "Na hili la kwako."

Kisha akakaa kwenye kigoda, mwiko mapajani.

"Alipokatwa mguu nilimwongezea," alisema. "Kila siku anamaliza sahani. Nilidhani ana njaa."

Nililia. Nalisema wazi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, fundi mzima na shati lake jipya lenye ugali mabegani. Mama aliniangalia mpaka nikamaliza. Akachukua ncha ya kanga yake akapangusa ugali wa bega la kulia, la kwangu. Wa bega la baba akauacha.

"Siku nyingine daktari akikwambia neno," alisema, "lije hapa likiwa bado la moto. Mimi ndiye ninayepika."

Akajaza kifuniko, akasawazisha kwa kidole, akakiweka mbele yangu pamoja na mlenda. Akanitazama.

"Una njaa?"

Miaka yote hiyo hakuwahi kuniuliza, alikuwa anapakua tu.

"Hapana, mayu."

Akakivuta kifuniko upande wake, akamega tonge, akachovya kwenye mlenda wangu, akala.